Momiji: Mti Mwekundu Usiojulikana kwa Siku Moja

Mtu wa pwani hahitaji kusafiri mpaka Japani ndipo aone jani la mti likigeuka jekundu. Mkungu anao. Mkungu ulio mbele ya nyumba au kando ya msikiti hulichukua jani lake pana la kijani, ukalitia rangi ya damu ya mzee, kisha ukaliangusha uani. Watoto hungojea kungu, wakubwa hungojea kivuli, na jani lenyewe hufagiwa likatiwa jaani. Sijapata kusikia mtu akimwalika mwenzake waende wakatazame mkungu ukipukutika.

Wajapani wao hualikana. Wana mti wao uitwao momiji, mti mdogo wenye majani ya vidole kama vya mkono. Ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba hadi mwanzo wa Disemba, watu hupanda magari ya moshi na mabasi, wazee kwa watoto, wakaenda milimani na kwenye nyua za mahekalu ya Kibudha kutazama majani yakigeuka rangi. Safari hiyo ina jina lake, momijigari, yaani kuwinda momiji. Wawindaji hawa hawarudi na kitoweo. Hurudi na walichokiona, na siku hizi na picha tele.

Habari za majani hutangazwa huko kama habari za mvua. Wekundu huanzia kaskazini, kisiwani Hokkaido, kwenye baridi ya mapema, ukateremka kusini siku baada ya siku, na ramani zikachorwa kuonyesha umefika wapi. Mjini Kyoto kilele chake ni nusu ya pili ya Novemba. Hekalu moja la mji huo, Tofuku-ji, lina momiji ipatayo 2,000 katika bonde lake, na juu ya bonde pana daraja la mbao lenye paa ambapo watu husimama bega kwa bega wakitazama chini kana kwamba kunawaka moto. Idara ya hali ya hewa ya Japani imekuwa ikiandika siku ambayo miti hii hubadilika rangi tangu mwaka 1953, na daftari hizo zaonyesha kuwa siku hiyo inazidi kuchelewa, karibu siku 3 kwa kila miaka 10, kwa sababu joto la dunia linazidi.

Yanatuhusu nini sisi haya? Yanatuhusu kwa sababu watu wetu wametawanyika. Aliyekwenda kukaa Uingereza, Marekani au Kanada huuona mti huu mbele ya nyumba za majirani zake, mwekundu katikati ya miti ya kijani, akaupenda. Akishapata nyumba yenye kipande cha bustani naye huenda kwenye duka la miche, akalipa fedha nzito, akapewa mche wenye kibandiko kilichoandikwa jina. Je, jina hilo ni la kweli? Na kama kibandiko kimepotea, au nyumba ameinunua na mti ameukuta, atajuaje ni momiji upi? Hapa ndipo penye kazi, maana huu ni mti ambao jina lake halikai katika rangi wala katika mbegu.

MKONO WA CHURA

Wajapani wana majina mawili ya mti wenyewe. Momiji latokana na kitenzi cha kale chenye maana ya majani kugeuka rangi. Kaede ni maneno mawili yaliyofinyangwa likawa moja, kaeru na te, yaani mkono wa chura. Na yeyote aliyepata kumtazama chura akiwa amejibandika ukutani, vidole vimetanuka, hatabisha. Wataalamu wa mimea wameuita kwa Kilatini Acer palmatum, na hilo palmatum lahusu kiganja. Mmoja ameona chura, mwingine ameona mtu, lakini kiungo walichokitaja ni kimoja.

Kuna na jina la tatu ambalo mimi ndilo nilipendalo zaidi: iroha-momiji. Iroha ni mpangilio wa zamani wa herufi za Kijapani, mithili ya alifu-be-te yetu ya chuoni. Husemwa kwamba watu walivihesabu vidole vya jani kwa kuzitaja herufi za kwanza za mpangilio huo, moja kwa kila kidole, mpaka ya saba. Aghalabu vidole huwa vitano au saba, na mara chache tisa.

Katika mji wa Minoh, karibu na Osaka, jani hili hata huliwa. Huwekwa katika chumvi kwa muda upatao mwaka mmoja, likavikwa unga mtamu uliotiwa ufuta, likakaangwa kwenye mafuta mpaka likakauka. Tuseme ni bajia tamu. Utamu ni wa unga. Jani limo kwa ajili ya umbo.

USIDANGANYWE NA VIDOLE

Kabla ya kuuliza ni momiji gani, hapana budi kwanza kuuliza kama ni momiji. Majani ya vidole si haba duniani, na pwani tunayo. Jani la mhogo lina vidole. Jani la mbarika lina vidole, na ipo mbarika nyekundu ambayo ukikatiwa jani moja tu ukaonyeshwa kwa mbali, waweza kuapa kuwa ni lile la Japani.

Tazama mambo mawili matatu. Kwanza tazama majani yalivyoshika kwenye tawi. Ya mhogo na ya mbarika hushika moja moja, hili upande huu, jingine juu kidogo upande wa pili. Ya momiji hushika mawili mawili yakikabiliana, kama watu wawili waliokaa barazani uso kwa uso. Kisha tazama kikonyo. Cha mbarika hushika jani kwa chini, ndani ya jani lenyewe, kama mpini wa mwavuli. Cha momiji hushika ukingoni, pale vidole vyote vinapokutana. Tena vidole vya mhogo vina kingo laini, ilhali vya momiji vina meno madogo madogo kama ya msumeno. Na ukubwa: jani la momiji wa kawaida lina urefu wa sentimita 4 hadi 12, basi laenea kiganjani bila ya kubanwa.

Zipo aina ambazo vidole vyake ni vyembamba sana na vimekatika karibu mpaka kwenye kikonyo, na hizo zinaweza kumtia wasiwasi jirani asiyejua, akadhani umepanda bangi. Lakini jani la bangi kwa hakika ni vijani kadhaa vilivyoachana kabisa, kila kimoja na nafsi yake. Vya momiji hushikana chinichini, hata kama ni kwa kipande kidogo mno. Tena bangi haiwi mti wa kuishi miaka na miaka ikaota gome.

Huko ughaibuni udanganyifu mkubwa hutoka kwa ndugu wa momiji. Kuna mti wa Ulaya wa jamii hiyohiyo ya Acer, na aina yake moja nyekundu iitwayo Crimson King imepandwa sana mabarabarani. Nayo majani yake hukabiliana, nayo yana vidole. Lakini ni mti mkubwa, jani lake ni pana kama sahani na ni nene, na ukikivunja kikonyo hutoka utomvu mweupe kama ule wa mpapai. Momiji hautoi maziwa hayo. Kuvunja kikonyo kimoja kunatosha kumaliza ubishi.

Mbegu nazo husaidia kuijua jamii. Huzaliwa mbili mbili, kila moja na ubawa wake, na zikidondoka huzunguka hewani kama pangaboi. Ukiziona unajua kuwa huo ni wa jamii ya Acer. Zaidi ya hapo mbegu hazitakwambia mengi, na tutaona ni kwa nini.

WEKUNDU UPI?

Watu wengi hudhani kuwa momiji wote ni mwekundu mwaka mzima. Sivyo. Momiji wa porini, ule unaoota wenyewe katika milima ya Japani na Korea, ni wa kijani tangu masika hadi mwisho wa kiangazi, na hugeuka mwekundu wakati wa kupukutika tu. Hiyo ndiyo momiji ya Kyoto inayokimbiliwa na watu. Ile yenye majani mekundu tangu yanapochipua ni miti iliyotokea ikiwa tofauti, watu wakaipenda, wakaitenga na kuitunza.

Rangi yenyewe ni moja. Kijani cha jani hutokana na klorofili, ambayo ndiyo mpishi wa mti. Wekundu hutokana na anthosayanini, jamii ileile ya rangi inayompaka mtoto ulimi anapokula zambarau. Katika momiji wa kawaida, baridi ikishika klorofili huvunjika na anthosayanini hutengenezwa siku za mwisho. Ndiyo sababu mchana wenye jua ukifuatwa na usiku wa baridi huleta wekundu mzuri zaidi. Katika momiji wa majani mekundu, rangi hiyo hutengenezwa tangu jani lingali changa, ikaifunika klorofili. Kijani kimo ndani, kinapika kama kawaida, ila kimevikwa kanzu.

Na kanzu yenyewe si ya siku zote. Mti huohuo ukiwa uvulini hupungua wekundu ukaelekea kijani kichafu. Kiangazi kikiwa kikali rangi hufifia ikawa kama shaba iliyokaa bila ya kusuguliwa. Majani machanga yana rangi moja na yale makubwa yaliyo ndani ya mti yana nyingine. Kwa hiyo picha ya jani iliyopigwa siku moja haitoshi kuutaja mti kwa jina, hata mpigaji awe fundi namna gani.

Tuchukue mifano. Deshojo huchipua mwekundu wa kung'aa kiasi cha kumsimamisha mpita njia, lakini ukimtembelea katikati ya kiangazi utamkuta ni wa kijani, nawe utasema umekosea nyumba. Osakazuki ni wa kijani masika na kiangazi, hana la kujionea fahari. Ukifika wakati wa kupukutika huwaka wekundu ambao wapenzi wengi wa miti hii wanasema haujapata mshindani. Sango-kaku ana majani ya kijani yanayomalizia kwa umanjano, lakini yakishaanguka yote na baridi ikashika, matawi yake huonekana mekundu. Sango kwa Kijapani ni marijani, na jina lake lafasiriwa mnara wa marijani. Anayetafuta wekundu kwenye majani atampita.

Kisha kuna wekundu wa kudumu. Aliyeenea zaidi ni Bloodgood, mti wa kusimama, urefu wake hufika kama mita 5 au 6, jani lake ni jekundu jeusi na hushikilia rangi hiyo muda mrefu wa kiangazi kuliko wengi wa wenzake. Mbegu zake nazo huwa nyekundu. Emperor I humfanana sana, ila huchelewa kuchipua kwa siku kadhaa, na hiyo ni bahati yake, kwani baridi ya ghafla ya mwisho humkuta angali amefumba macho. Crimson Queen na Tamukeyama ni wa namna nyingine kabisa: majani yao yamechanwa kama nyuzi za lesi, na matawi huinama chini yakafanya kama kichuguu chekundu.

Basi mwenye kutaka kuutambua mti wake ana budi kuukalia mwaka mzima. Aandike ulichipua lini na kwa rangi gani. Katikati ya kiangazi ulikuwaje. Uligeuka vipi kabla ya kupukutika. Na ulipokuwa mtupu, matawi yalikuwa na rangi gani, na umbo lake ni la kusimama au la kuinama. Na hata akiisha kuyaandika yote hayo, bado kuna jambo moja linaloweza kuivunja kazi yote.

MTOTO WA BLOODGOOD SI BLOODGOOD

Jambo hilo ni nasaba. Sisi watu wa pwani tunalipenda sana neno hili. Mtu akija posa huulizwa ni wa nani, na baba yake ni nani, na hao nao walitoka wapi. Mtoto huchukua jina la babake na ukoo wake, na hiyo ndiyo njia ya jina kuendelea.

Kwa momiji mambo ni kinyume. Mbegu ya Bloodgood ukiipanda, kitakachoota hakiitwi Bloodgood. Huenda kikawa chekundu, huenda kikawa cha kijani, huenda kikawa cha rangi ya shaba. Chavua imetoka mti mwingine, na hata isipotoka mti mwingine watoto hawafanani. Panda mbegu mia za mama mmoja mwekundu, na utapata uwanja wa watoto ambao kila mmoja ana sura yake. Baadhi watakuwa wazuri kweli. Lakini jina la mama si lao.

Jina huendelea kwa njia moja kubwa, nayo ni kupandikiza. Mkulima wa Kilifi au Malindi anayenunua mche wa embe uliopandikizwa analijua hili: analipia uhakika kuwa embe atakalochuma ni lile aliloambiwa. Kwa momiji fundi huotesha kwanza miche ya kijani ya mbegu, akailea miaka miwili au mitatu mpaka shina liwe nene kama penseli. Katikati ya majira ya baridi huiingiza mahali pa joto ili maji yake yaamke. Hukata kijiti kutoka kwa mti wenye jina, akakichonga kwa mshazari, akalichanja shina la mche ubavuni, akavikutanisha ngozi kwa ngozi, akafunga kwa utepe. Vikishikana, sehemu ya juu ya mche wa kijani hukatwa kidogo kidogo, na kijiti kikawa ndicho mti. Kwa maneno mengine, Bloodgood iliyo Leeds na iliyo Toronto si ndugu. Ni mti mmoja uliogawanywa vipande, ukasimama juu ya miguu ya watu wengine.

Miguu hiyo ina maisha yake. Pengine chini ya kovu la kuunganisha hutoka chipukizi la kijani, lenye nguvu na haraka kuliko ule mti wa juu. Mwenye mti asipolikata huachilia, na baada ya miaka michache kijani kimeufunika wekundu, naye hulalamika kwa majirani kuwa mti wake umebadilika. Haukubadilika. Aliyekuwa chini ameibuka, na yule aliyenunuliwa kwa fedha amefunikwa mpaka akafa. Kila chipukizi lililo chini ya kovu liondolewe lingali changa.

Kovu hilohilo ni shahidi. Mti mwekundu wenye kovu karibu na ardhi uliwahi kupewa jina, hata kama halijulikani tena. Usio na kovu na shina lake limenyooka tangu mzizini, mara nyingi ni wa mbegu, na mwenye duka aliyeubandika Bloodgood ameuza jina la mtu mwingine. Wapo wafanyao hivyo kwa kutojua, na wapo wafanyao kwa kujua sana, kwani mche wa mbegu hugharimu kidogo na wa kupandikizwa hugharimu kazi ya miaka. Mteja haoni tofauti siku ya kununua. Huiona mwaka wa nne, kiangazi, mti umekuwa wa kijani.

MAJINA YALIYOBAKI BILA MITI

Kazi hii ya majina si ya jana. Katika kijiji cha Somei, ambacho leo kimo ndani ya Tokyo, ulikuwako ukoo mashuhuri wa wapanda miti, wenye jina la Ito Ihei, lililorithiwa baba kwa mwana. Mwaka 1710 mmoja wao alitoa kitabu cha mimea chenye aina 36 za momiji zilizopewa majina. Fikiria: zaidi ya miaka 300 iliyopita, watu walikuwa wameshayatazama majani ya mti mmoja mpaka wakayatenga mafungu 36.

Wakati huo Japani ilikuwa imefunga milango yake, na Mzungu pekee aliyeruhusiwa kufanya biashara ni Mholanzi, naye amewekwa katika kisiwa kidogo cha Dejima kwenye bandari ya Nagasaki. Mwaka 1775 alifika hapo tabibu wa Kiswidi katika utumishi wa Kampuni ya Kiholanzi, Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutoka apendavyo, miongoni mwa hila zake ilikuwa kuyapekua majani yaliyoletwa kisiwani kwa ajili ya kulisha mifugo. Mwaka 1776 alipata kwenda Edo pamoja na msafara wa Waholanzi, akaokota mengi njiani. Ni yeye aliyeupa mti huu jina la Acer palmatum, likachapishwa mwaka 1784. Miti hai ilianza kufika Ulaya karne ya 19, kisha ikaenea Marekani. Bloodgood mwenyewe, licha ya watu kumwita mti wa Japani, alichukua jina lake kutoka kwa bustani ya miche ya Long Island, New York.

Huko kwao ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Bustani nyingi zilizokuwa na mkusanyiko wa aina za zamani zililimwa chakula, na momiji ikakatwa kuni. Nani atawalaumu? Mwenye njaa hali rangi. Lakini zingatia lile tulilolisema juu ya kupandikiza: jina moja ni mwili mmoja. Ukikatwa mti wa mwisho kabla ya mtu kuchukua kijiti, hakuna mbegu wala mtoto wa kuurudisha. Vitabu vya kale vina majina ya momiji ambayo hakuna awezaye kukuonyesha mti wake leo.

Na waliosalia walikuwa wamechanganyikana. Katika jimbo la Oregon, Marekani, alikuwako mtu aitwaye J. D. Vertrees aliyekusanya momiji kwa miaka mingi, akaipanda, akaitazama, akalinganisha, na mwaka 1978 akatoa kitabu ambacho hadi leo, kikiwa kimerudiwa na kuongezwa na wengine, ndicho wapenzi wa mti huu hukifungua kwanza wakibishana. Moja ya mashaka yake makubwa lilikuwa kwamba jina moja lilikuta miti miwili tofauti, na mti mmoja ulikuwa na majina mawili matatu. Siku hizi aina zenye majina zapita 1,000, na kila mwaka huongezeka nyingine. Mimi naona wameanza kupita kiasi. Tofauti nyingine ni ndogo hata mwenye mti hawezi kuionyesha bila ya kusoma kibandiko.

KUUPANDA

Aliye na mahali pafaapo hatapata taabu kubwa. Momiji hutaka udongo usiotuamisha maji na wenye uchachu kidogo. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo usizikwe kwa kina na usilimwe jembe karibu. Tandaza maganda ya miti au majani makavu juu ya udongo, lakini yasilishike shina. Mahali bora ni panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri: jua la kutosha kuleta wekundu, lisilofika kuunguza ncha za vidole. Upepo mkavu huuchoma. Mbolea kali huuharakisha ukatoa matawi dhaifu. Mwanzo wa masika usiukate, kwani maji yake hutiririka kwenye kidonda.

Adui wa kuogopwa ni kuvu aitwaye Verticillium, anayekaa udongoni miaka mingi. Huingia kwa mizizi akaziba njia za maji, na dalili yake ni tawi moja kunyauka ghafla ilhali mengine ni mazima. Ukilikata utaona michirizi myeusi ndani ya ubao. Dawa ya kumponya mti hakuna. Kinga ni kutoupanda mahali palipokuwa na nyanya, biringani, bamia au viazi, kwani mimea hiyo humlea kuvu huyohuyo. Mpwani aliyegeuza bustani yake ya Uingereza kuwa shamba la mboga na alikumbuke hilo kabla ya kuchimba shimo.

Anayependa kuanza na mbegu na aanze, kwani kuna raha katika kutojua kitakachoota. Mbegu hazitaamka mpaka zilale kwenye unyevu na baridi ya nyuzi 4 au 5 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wengi huziweka katika mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu. Zilizokauka sana huweza kulala mpaka mwaka wa pili.

Kwa Mombasa, Lamu au Malindi, la. Mti huu lazima upate majira ya baridi ya kulala. Ukinyimwa usingizi huchoka, na kwetu hakuna usiku hata mmoja wa kuulaza. Ongeza upepo wa chumvi na udongo wa chokaa ya matumbawe, utaona kuwa hata anayeletewa mche kwa ndege atakuwa ameletewa maiti wa baadaye.

Limebaki swali la yule aliyeukuta mti kwenye nyumba aliyoinunua. Ameukalia mwaka mzima, ameandika majira yote manne, ametazama kovu, amelinganisha na vitabu, na bado hana hakika. Wenye miche waaminifu wana neno la kutumia hapo. Mti mwekundu wa mbegu, au mwekundu ambao nasaba yake haijulikani, huandikwa Acer palmatum na kisha Atropurpureum, neno lisilotaja mti mmoja bali kundi zima la momiji nyekundu. Bei yake dukani huwa chini ya bei ya Bloodgood. Ukiwaona wawili wamesimama kando kando mwezi wa Mei, mmoja na jina lake na mwingine na la kundi, aghalabu hutaweza kuwatofautisha. Ngoja mpaka Agosti.